Nyuki wa Darasa la Sita

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi ya mabinti wawili, Radi na Kobe, ilikuwa kuzoa nywele. Mama yake Radi alikuwa msusi, na saloni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi: viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, benchi la kungojea zamu, na pazia mahali pa mlango wa ndani. Nywele za jana zilitapakaa sakafuni utadhani paka kalipuka. Radi alifagia, Kobe alizoa, na zote zikaishia kwenye gunia nyuma ya mlango. Gunia likijaa, mama alilitoa uani akalichoma moto, na majirani wote wakaziba pua.

"Fanya haraka, wewe!" Radi alisema. "Unazoa nywele au unaziaga?"

Kobe alizoa vilevile, polepole, hadi kwenye pembe za chumba ambako ufagio wa Radi ulipita kwa salamu tu.

Majina hayo walipewa darasani. Radi aliitwa hivyo kwa sababu ya kusoma kwake. Akipewa ukurasa, alianza bila kuvuta pumzi, maneno yakamporomoka kama mahindi yanayomwagwa kutoka kwenye debe, na kabla hujakaa vizuri alikuwa amefika kwenye nukta ya mwisho. Kobe naye alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Radi. Mama yake alifariki Kobe akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na tangu hapo alilelewa na mama mkubwa wake, msusi. Wawili hao walilala kitanda kimoja, wakavaa sare zilizoshonwa kwa kitambaa kimoja, wakakaa darasa moja. Lakini kwa kusoma walikuwa mbingu na ardhi. Kobe alisoma neno, akalitazama, akalionja, ndipo akaenda kwa jirani yake.

Sasa, darasa la sita lilikuwa na mchezo wake. Msomaji akikwama, darasa zima lilivuma kama nyuki: mmmmmmm. Uzuri wa mchezo, kama kuna uzuri, ni kwamba unavuma huku umefunga mdomo. Mwalimu wa lugha, ambaye wakati wa kusoma alikuwa akisahihisha madaftari ya darasa jingine, aliinua kichwa akaona vinywa vyote vimefungwa na macho yote yako kitabuni, yaani watoto watakatifu kabisa.

"Nani anapiga kelele?"

Akatazama huku na huku.

"Haya, endelea."

Na msomaji alipokwama tena, mmmmmmm, mpaka akakaa mwenyewe. Waliovuma walikuwa wengi, ila aliyeuanzisha alikuwa mmoja. Radi.

Siku hiyo mwalimu alimwita Kobe. Kobe alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili.

"Siku... moja... mzee... ali... ali..."

Radi, aliyekaa kando yake, ndiye aliyetoa mlio wa kwanza. Darasa likaupokea. Kobe akalitazama lile neno, lakini nyuki wakiwa masikioni hata jina lako hulioni. Mwalimu aliinua kichwa, akaona vinywa vilivyofungwa, akasema kwa uchovu, "Kaa. Radi, malizia."

Radi akamalizia, na watu wakampigia makofi.

Wakati wa mapumziko, wasichana walimzunguka Kobe karibu na bomba la maji.

"Kobe, ukifika mwisho wa ukurasa tutumie salamu. Sisi tutakuwa tumeshazaa wajukuu!"

Walicheka, na Radi akacheka kuliko wote. Kobe alimtazama yeye peke yake. "Hata wewe? Si sisi ni ndugu?"

Wote wakamgeukia Radi. Mtu mwenye sifa, akingojewa aseme kitu, husema lolote.

"Ndugu kwa lipi? Wewe kwetu ulikuja na mfuko wa plastiki tu. Kama hutaki nyuki, nenda kasome kwenu."

Wasichana wale wakasema "Uuuuh!" Kobe akafungua bomba, akanywa maji muda mrefu kuliko kiu yake.

*

Jumamosi redio ya saloni ilikufa. Ilikohoa asubuhi, ikanyamaza, na hata ilipopigwa kofi la mgongoni haikufufuka. Saloni bila redio ni msiba. Kusuka kichwa kimoja kunachukua nusu siku, na mtu aliyekaa hapo akivutwa nywele anahitaji kitu cha kumsahaulisha.

Kwenye kiti alikuwa muuguzi mmoja waliyemwita Sindano. Kwenye benchi alikuwa muuza samaki, mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja hata akikunong'oneza.

"Msusi, tutakufa na ukimya humu," alisema muuza samaki. "Hata habari za majirani zimeisha. Nimewasengenya wote."

"Wanangu wana kitabu cha shule," mama alisema. "Radi, lete, uwasomee mama zako."

Radi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alisimama katikati ya chumba, akafungua kitabu cha hadithi, akaanza mbio zake. Alisoma kurasa kama anakimbizwa na mbwa. Alipomaliza sura akainua uso, akingojea makofi.

"Haya," alisema Sindano, kichwa kikiwa kimevutwa upande. "Ni nani huyo aliyegonga mlango?"

"Mlango gani?" Radi akauliza.

"Mimi nimesikia mlango. Au nimesikia vibaya?"

Radi akaangalia kitabu. Aliyaona maneno, lakini yalikuwa kama watu uliopishana nao sokoni: hukumbuki hata mmoja alivaa nini. "Sijui," alisema.

Muuza samaki akaangua kicheko. "Msusi, mwanao ni bomba! Maji yanapita, lenyewe linabaki kavu!"

Radi akahisi uso unawaka. Mama, bila kuacha kusuka, akamgeukia Kobe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua nyuzi za rasta na kumpa fungu baada ya fungu. "Mwanangu, jaribu wewe. Radi atanipa nyuzi."

"Mama mkubwa, mimi siwezi."

"Aliyekwambia huwezi ni nani?"

Kobe hakumtaja. Alichukua kitabu.

Akaanza, polepole kama kawaida yake. Hadithi ilikuwa ya dada wawili waliouza mkaa. Mkubwa alipotea siku ya mafuriko, na mdogo akabaki peke yake. Miaka ikapita, kisha jioni moja mwanamke mgeni akagonga mlango akasema, *Ni mimi, dada yako. Nifungulie.*

Kobe akakwama hapo. Neno lililofuata lilikuwa refu. Radi, akiwa na nyuzi mkononi, akangojea watu wavume.

"Asifungue!" alipiga kelele muuza samaki. "Huyo si dada yake!"

"Umejuaje?" akauliza Sindano. "Damu haipotei."

"Damu haipotei, lakini matapeli wapo! Mwambie amuulize jina la mama yao!"

Walipomaliza kubishana, Kobe alikuwa ameshalisoma lile neno refu kimoyomoyo. Akaendelea. Kila alipokwama, wanawake walijaza nafasi kwa maneno yao, wakaapa, wakalaani, wakanyamazishana. Msusi alisuka msuko mmoja kwa sentensi moja. Kasi ya mkono wake na kasi ya Kobe zilikuwa zimeumbwa na seremala mmoja.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeulizia redio. Kobe alisoma kila alasiri, na kila usiku kabla ya kulala alijifunza sehemu ya kesho, akifuata mistari kwa kidole huku Radi akijifanya amelala. Muuza samaki alikuja hata siku ambayo kichwa chake hakikuwa na haja ya kusukwa. "Nimepita tu," alisema, akakaa benchini. "Haya, yule mwongo bado yuko mlangoni?"

Na hakuna aliyemwambia Radi asome. Yeye alitoa nyuzi.

*

Wivu ni kama funza. Unaanza kwa kuwasha kidogo, nawe unajikuna ukicheka, mpaka siku unachechemea.

Siku ambayo Kobe angemaliza hadithi, Radi alirudi kutoka shule kwanza. Kitabu kilikuwa juu ya kitanda. Alikishika, akafungua mwishoni, na akachana kurasa za mwisho taratibu, karibu na mshono, ili isionekane. Akazipitisha machoni kwa kasi yake ile ile, ili naye awe na siri asiyokuwa nayo mtu. Kisha akasikia miguu ya Kobe nje. Akazisokomeza kwenye gunia la nywele, akijiambia atazitoa baadaye, wakishacheka.

Jioni ile saloni ilijaa. Hata bibi harusi mtarajiwa aliyekuja kuweka miadi tu alikaa. Kobe alisoma akiwa amesimama wima, sauti imepanda kidogo. Mdogo amekwenda mlangoni. Mkono uko kwenye komeo. Nje mgeni amerudia, *Nifungulie.* Mdogo akavuta pumzi, akasema...

Kobe akafungua ukurasa. Akakuta jalada.

"Akasema nini?" aliuliza muuza samaki.

Kobe akarudisha ukurasa, akaufungua tena. Chumba kizima kilikuwa kikimtazama, na kutoka kwenye kona ya nyuzi, mdomo ukiwa umefungwa, ukatoka mlio mwembamba.

Mmmmmmm.

Watu wazima hawakujua ni kitu gani. Sindano alidhani ni mbu. Kobe alijua. Aliweka kitabu kwenye kiti kana kwamba ni chungu cha moto, akapita kwenye pazia, na hakutoka tena.

Kuanzia hapo Kobe hakusoma. Saloni hakusoma. Darasani akiitwa alisimama, akafunga mdomo, akaangalia ukuta mpaka aambiwe akae. Nyuki walivuma mara moja, mara mbili, wakachoka. Hakuna raha kumng'ata mtu asiyetikisika. Hata salamu aliacha kuitikia. Usiku alilala akiangalia upande wa ukutani, na Radi, aliyezoea kusikia kile kidole kikikwaruza karatasi, akagundua kwamba bila sauti hiyo usingizi ulikuwa mgumu kuja.

Radi aliamua kurudisha kurasa. Alirudi mbio kutoka shule, akaenda nyuma ya mlango, akakuta gunia jipya, tupu, limekunjwa vizuri. Uani kulikuwa na jivu na ile harufu.

Mama alikuwa amesimama kando ya jivu, mkononi ameshika kipande cha karatasi, pembe tu, imeungua kama mkate uliosahauliwa.

"Nywele hazina maandishi," mama alisema. "Njoo ndani."

Ndani walikuwepo Sindano na muuza samaki. Radi alitamani pawepo na wateja wageni, watu wasiomwita mwanangu.

"Ni wewe uliyechana?"

"Ndiyo, mama."

"Ulizisoma kabla ya kuzitupa?"

"Ndiyo, mama. Zote."

"Afadhali!" muuza samaki alidakia. "Basi dhambi yako tutaiongea baadaye. Tuambie kwanza. Alifungua au hakufungua?"

Radi akafungua mdomo. Alijaribu kuona kurasa zile. Aliona weupe. Aliona neno *komeo*, na neno *chakula*, yameelea peke yake kama majani kwenye maji. Mkimbiaji mkuu wa shule nzima alikuwa amepita katikati ya mwisho wa hadithi na hakuona kitu.

"Sikumbuki," alisema, akaanza kulia.

"Usilie," mama alisema, na hakuisema kwa huruma. "Machozi hayachapi vitabu."

Sindano akageuza shingo kuelekea kwenye pazia, ambako Kobe alikuwa amesimama. "Mwanangu, wewe unajifunza kabla ya kutusomea. Mwisho ulikuwa umeshausoma?"

Kobe akatikisa kichwa kukubali.

"Basi tusimulie, mama."

Kobe alimtazama, akamtazama Radi, akafunga mdomo. Muuza samaki alibembeleza mpaka akaahidi samaki mzima. Haikusaidia.

*

Usiku Radi aliongea na ule mgongo uliomgeukia.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ndugu kwa lipi?" mgongo ukajibu.

Maneno yake mwenyewe yalikuwa machungu kuliko alivyodhani. "Nifanye nini ili usome tena?"

Kobe akavuta shuka upande wake. "Kesho soma darasani kama mimi. Neno, halafu neno. Ukikaa kabla ukurasa haujaisha, sisimulii hadithi hiyo mpaka nazikwa."

Kesho yake Radi alinyoosha mkono mwenyewe. Mwalimu akamruhusu, akainamia madaftari yake.

"Asubuhi... moja... mvua..."

Mwanzoni walidhani ni mzaha, wakacheka. Alipofika mstari wa pili waliona si mzaha. Wale wasichana wa bombani walitazamana, na Radi akawaona wakifunga midomo. Aliijua hiyo midomo. Aliifundisha yeye.

Mmmmmmm.

Ilianzia nyuma, ikampanda mgongoni, ikaingia masikioni. Alitazama neno lililokuwa mbele yake, neno dogo tu la *njia*, likageuka michoro. Hakujua kwamba ni hivi. Kando yake Kobe alikuwa anaangalia ukuta, lakini kidole chake kilishuka kitabuni, na Radi akaona kwamba Kobe anahesabu mistari iliyobaki.

"Njia," alisema. Wakavuma zaidi. "Njia... ikawa... matope."

Mtu akamrushia kipande cha chaki. "Radi imekatika umeme!" alisema rafiki yake mkubwa. Mwalimu akainua kichwa: vinywa vilivyofungwa, watoto watakatifu.

"Nani anapiga kelele?"

"Ni sisi sote, mwalimu," alisema Radi. "Tunavuma kwa midomo iliyofungwa. Tumefanya hivyo tangu muhula uliopita. Mimi ndiye niliyeanzisha."

Kalamu ya mwalimu ilibaki hewani. Aliyatazama yale madaftari, kisha akamtazama Kobe, na Kobe, kwa mara ya kwanza, akamwangalia usoni. Mwalimu akafunga daftari.

"Na mimi nilikuwa nakaa hapa hapa," alisema, kama anayejiambia. "Malizia ukurasa, binti. Nakusikiliza."

Hakuna aliyevuma tena. Hata hivyo ulikuwa ukurasa mrefu kuliko wote aliowahi kusoma. Alipokaa, sare ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho. Rafiki yake mkubwa alisogeza begi ili asikae karibu naye, na mwalimu alimpa adhabu ya kushona na kubandika majalada ya vitabu vyote vilivyochakaa, muhula mzima, huku wenzake wakicheza nje.

*

Alasiri hiyo Kobe alitoka kwenye pazia, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Nitasimulia." Muuza samaki akaruka kama ameshinda bahati nasibu.

"Ila yeye atoke nje."

Mama aliacha kusuka. Radi alimtazama mama yake amtetee. Mama akaonyesha mlango kwa kitana.

Radi alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mlango ulirudishwa. Alisikia sauti ya Kobe, lakini si maneno. Alisikia muuza samaki akisema "Hapana!" Kisha mtu akavuta kamasi, na akajua ni Sindano, ambaye huchoma watu sindano kila siku bila kupepesa macho. Walikuwa ndani ya kitu, wote, na yeye alikuwa amewahi kukishika mikononi na kukitia kwenye gunia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Radi alitaka kujua nini kilitokea kwenye kitabu, na alitaka kama mwenye njaa anavyotaka ugali wa jirani kwa harufu tu.

Walipotoka, aliwauliza. "Kaulize jivu," alisema muuza samaki, akaenda zake akifuta macho.

Siku zilipita. Radi alishona majalada. Kobe alisoma hadithi nyingine saloni, na mlango haukurudishwa tena, lakini ile moja hakuigusia. Kisha mwalimu akaazima nakala nyingine ya kile kitabu kutoka shule jirani, ili kurasa zilizopotea zinakiliwe kwa mkono. Kazi ya kunakili unajua alipewa nani.

Radi alikaa kwenye ngazi ya mlango na kitabu magotini. Hakuanza mwishoni. Alianza mwanzo kabisa, akifuata mistari kwa kidole, akasimama kila mahali ambapo Kobe alisimama. Aliwaona wale dada wawili wamejaa vumbi la mkaa. Aliyaogopa yale mafuriko. Mama alimwita ale, akasema "Nakuja, mama," na hakwenda. Akafika mlangoni. Mkono uko kwenye komeo. Akafungua ukurasa, na ulikuwepo.

Mdogo alifungua. Alimtazama yule mgeni chini ya taa, uso, mikono, miguu iliyolowa, na akajua. Akasema, *Wewe si dada yangu. Lakini umetembea mbali. Ingia, chakula kinapoa.*

Radi alibaki hapo, kidole kikiwa juu ya neno *ingia*. Alikumbuka mfuko wa plastiki.

Alipoinua kichwa, mama na Kobe walikuwa wamesimama mlangoni. Mama alikaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu iliyochoka kwa kusimama siku nzima.

"Umechukua muda," alisema.

"Nilikuwa sitaki iishe, mama."

"Basi leo ndiyo umesoma. Zile siku nyingine ulikuwa unapita tu. Kitabu ni nyumba, mwanangu. Ukipita mbio hujui waliomo ni akina nani. Na ukimvumia mwenzako aliye mlangoni, unamfukuza kwenye nyumba ambayo hata si yako. Kuna watoto wangapi darasani kwenu wamefukuzwa hivyo, na hawatarudi kugonga? Hilo sikusamehei mimi. Utakwenda kuwaita mmoja mmoja."

Radi akainamisha kichwa. Kobe alikuwa bado amesimama, amejiegemeza kwenye fremu ya mlango.

"Kobe," Radi alisema, "nikusomee mwisho?"

"Naujua."

"Najua unaujua."

Kobe alifikiri, kwa mwendo wake ule ule. Kisha akakaa kwenye ngazi, si karibu sana, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Soma," alisema. "Polepole."